Maelezo Kuhusu Mvuke Uliotoka Jikoni Kwetu

Shahidi: mke wa mwalimu wa kemia
Umri: miaka 39
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyumba ya kupanga, nyuma ya kiwanda cha matofali

Mnamo Jumamosi iliyopita, asubuhi, nilikuwa nyumbani na mume wangu na mama yake mzazi, ambaye amepooza miguu na hulala chumba kinachopakana na jiko. Maabara ya shule imefungwa tangu paa lilipoporomoka, na mtihani wa vitendo unakaribia. Mume wangu alileta kemikali nyumbani ili alifanye jaribio mwenyewe kabla ya kuwaonyesha wanafunzi.

Nilimwambia, "Jikoni kwangu hata chumvi hujui inakaa wapi."

Akacheka. "Mchuzi huu hauonjwi, mke wangu. Nimeupika miaka yote."

Nikatoka kufua.

Shuleni kuna feni ya kuvuta hewa chafu na bomba la kuoshea macho. Kwetu kuna kidirisha cha ukubwa wa sinia, na siku hiyo maji yalikuwa yamekatika. Hayo yote aliyajua.

Nikiwa uani nilisikia kitu kikipasuka, kisha harufu kali ikanikaba koo. Mume wangu alitoka akipapasa ukuta, amefumba macho, anapiga kelele, "Mtoeni mama!" Alitaka kurudi ndani lakini hakuuona mlango. Nilimmwagia usoni maji ya kufulia, yenye sabuni, maana hayakuwapo mengine. Nilijifunga kitambaa puani nikaingia. Nilifika sebuleni pumzi ikanikatika. Nilijaribu tena, sikufika hata hapo. Nilimsikia mama akikohoa. Aliita, "Mwanangu." Sijui alimwita nani kati yetu. Kisha kukawa kimya.

Jirani yetu mwashi alivunja dirisha la chumba kwa nyundo, akamtoa. Daktari alisema tumemfikisha ameshafariki.

Mume wangu yuko wodini, macho yote yamefungwa bandeji. Hajaambiwa. Jana aliniuliza kama mama amekula. Nikamjibu amekula. Akasema nimpe pole, nimwambie asimkasirikie.

Afande, mkienda kumhoji, naomba mniache nitangulie mimi.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Ofisa aliyeandika: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali. Alipokwisha kutia sahihi nilimjulisha kuwa askari wenzangu walishamhoji mumewe wodini asubuhi hii kuhusu kifo cha mama yake. Shahidi amepewa kiti, bado amekaa.