Jina la Issa Kifuani

Jumatano, 5 Novemba

Muuza chai alifungulia redio hadi mwisho leo. Mbunge wa hapa, mheshimiwa Hasina, alikuwa akimhoji waziri bungeni, na habari ilikuwa sisi. Yaani kituo cha samaki tunachojenga hapa Msambweni. Alimwuliza: watu waliotoa mashamba uliwaahidi kazi, wako wapi? Waziri akajibu kwamba vibarua wote ni wana wa Kwale. Wote! Kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo. Mheshimiwa akamwambia, vizuri, nitakwenda niwaone kwa macho yangu.

Mimi nilikuwa na karai la zege begani. Natoka Chwele, Bungoma. Trevor anayekoroga zege anatoka Kakamega. Nyapara wetu, Kavumbi, ni wa Kitui, na ndiye aliyetuleta. Wenyeji kwenye mjengo huu unawahesabu kwa vidole.

Swabir ni mmoja wao. Alicheka mpaka akaweka sepeto chini. "Haya, mwana wa Kwale," akaniambia, "niletee maji basi."

Huyu mama anasema kweli. Ndiyo inayoniudhi. Kweli yake ikifika hapa itanikuta mimi. Haitamkuta waziri.

Alhamisi, 6 Novemba

Mtu ameandika kwa makaa kwenye ua wa mabati: Wabara rudini kwenu. Kavumbi akaniamuru nifute. Maneno ya kunifukuza mimi, na maji nimechota mimi.

Nafula amepiga simu. Amesikia redioni kwamba kazi za huku ni za wenyeji tu. Nikamwambia redio ina maneno mengi. Akauliza: ukirudi huku, utarudi kufanya nini? Mke wangu hana ubaya, anauliza tu. Shamba la baba tuligawana ndugu wanne. Kipande changu kinatosha kaburi na mgomba.

Jumatatu, 10 Novemba

Riflekta mpya, vile vizibao vya kung'aa. Kila moja ina jina kifuani, kwa wino mweusi. Yangu imeandikwa ISSA.

Kavumbi alitupanga mstari. Alisema waziri ameshapeleka orodha ya majina haya bungeni, sasa lazima yawe na watu. "Wewe ni Issa wa Kikoneni. Mtu akikuita Elphas, usigeuke. Ni siku moja tu, halafu mnaendelea kula."

Trevor akajitazama kifua. "Mimi Sefu? Buda, hata kofia sina."

Tulicheka. Mimi pia. Kisha akatufundisha jina la chifu, jina la shule, wapi mtu wa Kikoneni hupeleka muhogo wake. Akili nyingi.

Swabir hakucheka. Alinifuata kwenye pipa la maji.

"Unamjua Issa?"

Nikasema simjui.

"Ni ndugu yangu, tumbo moja. Hapo ulipomwaga zege asubuhi palikuwa na minazi ya baba yetu, kabla hatujahamia Kikoneni. Issa amekuja kuomba kazi getini mpaka askari wamemzoea. Kila akija huacha jina lake. Sasa nimeona lilikokwenda."

Nikamwambia sikulichagua mimi.

"Hukulichagua. Unalivaa."

Jumanne, 11 Novemba

Joto. Riflekta inabana kwapani. Kutwa nzima ni Issa lete kokoto, Issa pisha, Issa wa Kikoneni hajambo? Kwa kejeli. Jioni nimejikuta naitika.

Ijumaa, 14 Novemba

Mheshimiwa Hasina amekuja. Magari mawili, watu wa kamera, na mjumbe wa waziri aliyevaa suti kwenye jua hili. Yeye mwenyewe ni mwanamke mfupi, buibui na gambuti. Alitusalimia, assalaam alaykum. Tuliitikia vizuri, Trevor akatushinda wote.

Nilingoja aulize habari za chifu. Hakuuliza kitu. Alitembea polepole akisoma vifua vyetu, mjumbe wa waziri nyuma yake akimwambia unaona, mheshimiwa, hapa hakuna mgeni. Kisha adhana ikasikika.

"Wanangu, leo Ijumaa," akasema. "Sefu, Mwero, Issa, nyote ni watu wa kuswali. Msikiti ule pale. Nendeni, nitawangoja."

Nilimtazama Kavumbi. Uso wake ulikuwa umekwisha. Kila Ijumaa saa hizi Swabir na wenzake huosha miguu wakaondoka, sisi hubaki na zege. Kila Ijumaa Kavumbi huona. Na katika yote aliyotufundisha, hilo hakulikumbuka. Akatupungia mkono tuende.

Tukaenda kwa mstari, kamera nyuma. Trevor alininong'oneza: "Tunaanza na nini, mkono ama mguu?"

Kwenye mabomba watu walikuwa wameketi wakitawadha, hawana habari nasi. Swabir alikuwa ameshakunja suruali. Akasogea, akaniachia nafasi kando yake.

"Karibu, Issa," akasema chini chini. "Anza."

Nikafungua bomba. Maji yakatoka, nikayatazama. Mama yangu ni mzee wa kanisa kule Chwele. Nimemdanganya Nafula. Mjumbe wa waziri nilikuwa tayari kumdanganya bila kumeza mate. Lakini kuinama mbele ya Mungu kwa jina la mtu mwingine, katikati ya watu waliokuja kwa kweli — mikono ilikataa. Nikafunga bomba.

Mzee mmoja akaniona. "Usione haya, mwanangu. Usipojua utafunzwa."

Afadhali angenitukana. Nikamwomba radhi, nikarudi peke yangu.

"Mbona umerudi, Issa?" akauliza mheshimiwa.

Nikasema mimi si Issa. Naitwa Elphas, natoka Chwele, ni Mkristo.

Nilidhani ataniuliza zaidi. Alinishika riflekta begani, akanigeuza kwenye kamera kama mtu anayeonyesha samaki. "Huyu hapa," akasema. "Huyu ndiye jibu la waziri."

Kisha akaniambia ahsante, kaka. Akaingia garini. Hakuna aliyeuliza mimi naingia wapi.

Jumamosi, 15 Novemba

Askari amenizuia getini. Amri ya Kavumbi. Trevor na wengine wote wamezuiwa pia.

"Umetuchoma, buda," Trevor akasema. "Ungeosha tu miguu, ungekufa?" Akatema mate karibu na kiatu changu. Nilikula naye sahani moja tangu tulipofika huku.

Nyumbani nilimwamkia mwenye nyumba wangu, Bi Mwanapili. Shikamoo. Akaitikia marahaba, bila kuacha kupepeta mchele. Alisema ameniona kwenye simu ya bintiye, na kwamba nilifanya vyema kutoichezea swala. Mungu atanilipa. Akapepeta tena kidogo. Kisha akasema kuna mtu wa Bongwe anakitaka chumba changu, mwezi ukiisha.

Jumatano, 19 Novemba

Redio ya Bi Mwanapili. Mheshimiwa alimkamata waziri koo. Alilitaja jina langu bungeni, mara mbili. "Elphas wa Chwele umemtoa wapi, waziri?" Wabunge wakapiga miguu sakafuni. Nilikaa kitandani nikisikia watu wakubwa wakinipigia miguu.

Waziri akasema anashukuru kwa swali. Mtu huyo na wenzake wameshaondolewa. Kazi wamepewa wenyewe. Mheshimiwa akasema ameridhika. Wakaingia habari ya umeme.

Basi, imekwisha. Waziri bado ni waziri, Kavumbi bado ni nyapara.

Nafunga mzigo. Riflekta iko kwenye msumari, hakuna aliyeidai. Sijui niifanyie nini.

Kuna mtu langoni. Sauti ya kiume. "Issa yuko?"

Bi Mwanapili amemjibu hapa hakuna Issa.

"Yupo, bibi. Issa wa mjengo. Mwambie mwenye jina amekuja."

Nimechungulia. Ni sura ya Swabir, ila mrefu zaidi. Gambuti mpya, hazijaona zege. Mkono mmoja kaushika mgongoni, sioni ana nini. Huenda ametumwa riflekta tu. Huenda hakutumwa na mtu.

Ameita tena. "Issa!"

Nimeitika. Naam, nimesema, kabla sijafikiri, kama nilivyozoea. Bi Mwanapili ameacha kupepeta. Komeo la lango linafunguliwa. Nimeitoa riflekta kwenye msumari, nimrudishie jina lake.