Kofia ya Salim Kichwani mwa Omari

Likoni, Ijumaa, Februari 1960.

Joto la kaskazi limenikaa kichwani tangu asubuhi, na si joto peke yake. Nimekasirika mpaka chai ya alasiri imenipoea mkononi.

Kofia imekwisha. Miezi saba ya kutoboa kitambaa na kuzungushia uzi, tundu baada ya tundu. Leo asubuhi niliitia wanga, nikaivika kwenye bakuli lililofudikizwa ili ikauke na umbo lake, kisha nikakaa kuitazama kama mnunuzi mgumu. Ukanda unaozunguka kichwa umenipendeza, nyota zimepangana na hakuna uzi uliolegea. Kifuniko cha juu si kibaya, ingawa kimevutika kidogo upande mmoja. Na nyuma kuna ua lenye tundu saba, maua mengine yote yana nane. Nililichora vibaya tangu mwanzo, na nilipogundua nilikuwa nimeshalitoboa. Nikaliacha.

Hata hivyo nilijisifu. Wallahi nilijisifu.

Ni kofia ya Salim, mchumba wangu. Kwetu bibi harusi humshonea bwana harusi kofia ya nikaha, na mchoro huutoa kichwani mwake mwenyewe. Jumapili shangazi yake Salim anakuja kuichukua kwa sinia. Wanawake wa kwao wataipitisha mkono kwa mkono, wataigeuza ndani nje, na hapo ndipo watakaponipima mimi.

Baada ya swala ya Ijumaa, nikiwa dirishani, alipita Omari, kaka yake binamu yangu Fatuma. Kichwani alikuwa na kofia yangu.

Lakini yangu ilikuwa bado kwenye bakuli. Nilimwita nikamwambia ageuke nimtazame, naye akageuka akicheka, akidhani namsifu. Nyota zile zile, mpangilio ule ule. Nikahesabu tundu za ua la nyuma.

Saba.

Fatuma ni mtoto wa mama mdogo. Tumelala kitanda kimoja tangu utotoni. Mwanzoni mwa kazi hii aliichukua kofia siku mbili, akasema macho yangu yamechoka, acha anisaidie kutoboa. Nikampa, tena nikamshukuru.

Nilijitanda buibui nikaenda kwao. Hakukana hata kidogo.

"Sasa dada Zuhura, ua nalo lina mwenyewe? Ndilo la kuninunia hilo?"

"Na hili la tundu saba, mbona hukulitengeneza?"

"Nalidhani ndivyo utakavyo."

Nikarudi nyumbani. Angalau angeiba kwa macho yaliyo wazi, akaliona kosa langu.

Sasa Omari amekwisha kuivaa msikitini, mbele ya wajomba zake Salim. Yangu itakapotoka Jumapili, mwizi nitakuwa mimi. Watasema bibi harusi hana lake kichwani, ameiga kofia ya binamu yake. Nitamweleza nani, na nianzie wapi? Siwezi kushona nyingine kwa siku mbili. Itakwenda hii hii.

Na kuna jambo ambalo nitaliandika hapa tu. Kazi ya Fatuma ni nzuri kuliko yangu. Kifuniko chake kimekaa sawa, hakikuvutika popote. Mchoro wangu sikuwahi kuuona ukipendeza vile mpaka nilipouona juu ya kichwa cha Omari, na nilichukia kuupenda.

Jioni hii nimemwambia mama atafute mtu mwingine wa kunipaka hina. Ilikuwa iwe Fatuma, tangu tukiwa wadogo tuliahidiana.

"Kwani mumeteta?" ameniuliza mama.

"Sitaki anishike mkono."

Mama ameiacha nazi aliyokuwa akiikuna, akanitazama. "Basi utapakwa na nani, mwanangu? Likoni nzima hakuna mkono kama wa Fatuma."

Najua, mama. Ningekuwa sijui, nisingeumia hivi.