Malkia wa Fimbo ya Mti

Shikamoo Shangazi Rukia,

Huyu kwenye kadi ni Yadwiga, malkia wa kale wa Wapolandi, ambaye kanisa lao humwita mtakatifu. Jirani yangu hapa Toronto, Bibi Danuta, alinipeleka kanisani kwao tukale maandazi yao yenye jamu ndani, nikaiona picha ya malkia huyu ukutani.

“Vito vyake aliviacha kwa ajili ya chuo kikuu,” Danuta akaniambia. “Akazikwa na fimbo ya kifalme ya mti, si ya dhahabu.”

Nami nikamsimulia habari za bangili zako za arusi, ulizoziuza ili nisome. Danuta akauliza jina lako, kisha akakuwashia mshumaa chini ya picha ya malkia.

Usimwambie shehe, Shangazi, lakini huku umeshawekwa pamoja na watakatifu. Naibusu mikono yako isiyo na bangili.

Mwanao, Saida