Akogo Bila Mwenzake

Amukura

Dada Akwii,

Huku tunapumua, na mihogo imekubali mwaka huu. Wifi yako Mercyline anakusalimu, ingawa mimi ananinunia.

Bado natengeneza vitu hapa nyumbani, maana siwezi kuvumilia nchi inayotupa redio kwa sababu ya waya mmoja uliokatika, kisha inakimbilia Malaba kununua takataka mpya. Akogo kubwa ya marehemu baba, kile kinanda chake cha kupigwa kwa vidole gumba, nimeivika vyuma vipya. Nilivifua kutoka kwa spoki za baiskeli yangu kuukuu, ile niliyovushia watu mpakani.

Jumamosi redio ilikataa. Nikaifungua, nikaunga waya upya, nikaifungua tena, huku nikiwatukana walioiunda. Mercyline akatoka jikoni, akanishika bega na kupiga kelele: "Baba Aluka, zima hiyo kitu! Inasumbua majirani tangu asubuhi!"

Nilimwita mwongo. Kisha nikaweka kiganja juu ya spika, nikahisi ikitetemeka.

Daktari wa Busia amesema sikio la kushoto limekufa, na la kulia linafuata. Mimi niliyebishana na kila chifu na kila padri, sasa natazama midomo yao ikichezacheza tu.

Unajua akogo kubwa hupangwa sauti kwa kufuata ndogo, na ndogo unayo wewe. Vyuma vyangu vipya havijui wimbo wowote. Ilete mwezi huu, tukae uani, upige nami nifuate, wakati bado nina sikio moja.

Usinipigie simu, dada. Njoo.

Ndugu yako,
Okwakol