Kompyuta ya Mama Pendo Inakwenda Kinyume

Dar es Salaam

Dada Tumpe,

Ugonile, dada yangu. Goti linaendeleaje? Shemeji ameshamaliza kupalilia mpunga, au bado anamsubiri Mungu apalilie? Mimi ni mzima, nimenenepa mpaka kola inabana, na wasichana wa mtaa huu wanajua jina langu. Usipa ulionitumia, dagaa wetu wa ziwani, umefika wote. Ndaga fijo, asante sana. Nimewagawia wapangaji wenzangu, na sasa wananiita bwana mkubwa.

Ila moyo umechafuka, dada, na aliyeuchafua ni kompyuta.

Unajua nimepata kazi kwenye duka la kuchapa barua la Mama Pendo. Sikukwambia kwamba alinichukua kwa majaribio ya mwezi mmoja. Nilimwambia kwamba Lilongwe nilikuwa nafundisha watu kompyuta. Usinikunjie uso. Huku usipojisifu unaishia kufagia.

Kompyuta kubwa ya mezani niliiweza kwa siku mbili. Ina kitu cha kushika kinaitwa mausi, na mgongoni mwake kuna kigurudumu. Ukikivuta kwako, maandishi ya chini yanapanda, sawasawa na tulivyokuwa tukivuta wavu pale Matema: unavuta kwako, kilicho chini kinakuja juu. Mkono wangu ulijua wenyewe. Nikatamba, hata Neema, yule binti mchapaji aliyesoma chuo, akaniangalia mara mbili.

Halafu kaka yake Mama Pendo akaleta kutoka Ulaya kompyuta ya kukunja, mimi nikapewa hiyo. Haina mausi. Ina kiwanja kidogo cha kupapasa kwa kidole, na ukitaka kusogeza ukurasa unatelezesha kidole pembeni kulia. Sasa hiyo imepangwa kinyume. Nikivuta kidole kwangu, maandishi yanashuka na mimi najikuta mwanzo wa barua. Nikitaka mwanzo, napelekwa mwisho. Wiki tatu, dada. Asubuhi nakosea, mchana nakosea, mpaka kidole kinauma kwa hasira.

Neema akaniona. "Kaka Asajile, wale wanafunzi wako wa Lilongwe walifaulu kweli?"

"Walifaulu wote," nikamjibu. "Wengine ni mawaziri sasa."

"Basi ndiyo maana nchi yao inarudi nyuma."

Ningemuuliza yeye ningesaidiwa siku ileile. Lakini mwalimu mzima nimuulize mtoto wa juzi? Alhamisi wote walipotoka kwenda kula, nikaamua kuitengeneza mwenyewe. Nikafungua kila mlango mle ndani. Kiingereza kitupu, nami Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu. Nikabonyeza huku na huku mpaka nikaliona neno moja ninalolifahamu tangu nilipokuwa utingo wa lori: rivasi. Pembeni yake kulikuwa na kialama cha vyema. Nikakiondoa. Nikajaribu kidole. Dada, ikanyooka! Nilicheka peke yangu dukani.

Ijumaa akaja mwalimu wa sekondari kuchukua mtihani wake. Neema ndiye aliyeuchapa, na ulikuwa kwenye mashine yangu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa majibu, ya mwalimu mwenyewe, hayatakiwi kwenda kwa wanafunzi. Mama Pendo akakaa ili aufute. Yeye amekwisha kuizoea ile mashine inavyokwenda, kwa hiyo miwani iko kichwani, mdomo unaongea na mwalimu habari za mvua, kidole kinateleza mpaka mwisho. Mwisho wa zamani, ambao sasa ni mwanzo. Akafuta ukurasa, akahifadhi, akachapisha.

Mwalimu akapokea, akasoma. "Mama, maswali ya kwanza yako wapi? Na haya majibu niwagawie watoto?"

Mama Pendo akamgeukia Neema. "Nimekuonya mara ngapi uache kulala kazini? Jumatatu usije."

Neema akainama kutafuta mkoba wake chini ya meza. Nilikuwa naweza kunyamaza. Majaribio yangu yalikuwa yanaisha siku ileile.

"Mama, ni mimi," nikasema.

"Wewe umefanya nini?"

"Nimeiondoa rivasi."

"Hebu irudishe."

Nikakaa. Nikafungua milango yote, sikuiona. Jasho likadondokea herufi. Mama Pendo amesimama nyuma yangu, akauliza polepole, "Lilongwe ulikuwa unafundishaje?"

"Sikufundisha, mama. Nilikuwa napakia saruji."

Mwalimu akacheka mpaka akakaa. Mama Pendo hakucheka. Neema akaweka mkoba chini, akaja, akabonyeza mara nne, kialama kikarudi. Kisha akauchapa upya ule ukurasa kutoka kwenye mwandiko wa mwalimu, mimi nikimsomea, na pale niliposoma vibaya alinirekebisha bila kunidhihaki. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jioni Mama Pendo aliniita. Alisema mtu anayekiri "nimeharibu" yeye anajua pa kumpata; anayemtia hofu ni yule anayenyamaza. Nimebaki, dada. Lakini mashine nimenyang'anywa. Nabeba karatasi, nabandika picha za pasipoti, na kila asubuhi kabla ya kufungua Neema ananifundisha, na ile kompyuta inaendelea kwenda kinyume na mimi vilevile. Leo nimekosea mara tisa.

Nisalimie mama, umwambie nakula. Salamu kwa shemeji na jembe lake, kwa mjomba Gwakisa anayevusha watu Ikombe kwa mtumbwi, na kwa shangazi wa Njisi aliyenishonea shati la safari. Huyo wa mwisho usimfiche. Alishona shati la mwalimu wa kompyuta, basi mwambie limevaliwa na mwanafunzi.

Nakupenda kama ulivyonilea,
mdogo wako,
Asajile