Marhamu ya Watu Wawili

Jumapili, 11 Januari

Nimechemsha matambara ya jikoni. Nimesugua sinki, nimesugua choo mara mbili. Imani nimemwogesha na kumsuka. Kamau yuko kwenye kochi anatazama mpira, miguu juu ya meza niliyopangusa sasa hivi. Mume huyu.

Tangu turudi Krismasi kutoka Lavington kwa wifi yangu sijakaa chini. Kule mashuka ni meupe pee na kuna mtu wa kupiga pasi tu. Hapa Kileleshwa ni mimi na hii mikono.

Na mikono inawasha. Katikati ya vidole, na hapa tumboni kwenye mkanda wa sketi. Ni hii sabuni mpya ya unga. Nitaibadilisha.

Kesho mfanyakazi mpya anaingia.

Jumanne, 13 Januari

Anaitwa Agneta. Nilitarajia msichana, kumbe ni mama wa miaka arobaini. Amenipita minne. Ana watoto wawili, wako kwao Kakamega na nyanya yao. Ananiita Mama Imani, mimi namwita Agneta tu.

Nimekagua kucha zake. Safi. Alipoenda kuoga nikakagua begi. Safi. Nimemwonyesha kikombe chake na sahani yake, akasema sawa. Anapika chapati laini kuliko zangu. Imani amemzoea kwa siku mbili. Sijui kwa nini hilo linaniudhi.

Jumamosi, 14 Februari

Kinyaa. Sina neno lingine.

Imani amekuwa akijikuna wiki nzima, vidole vimejaa vipele vidogo vidogo. Leo daktari amemwangalia kwa tochi na kusema ni upele. Kuna mdudu asiyeonekana kwa macho, anachimba chini ya ngozi na kutaga mayai humo. Ndani ya mtoto wangu! Mimi ninayechemsha matambara.

Akauliza nani mwingine anajikuna nyumbani. Nikasema mfanyakazi. Si uongo, juzi nilimwona Agneta akijikuna kiwiko. Yangu ni aleji ya sabuni.

Daktari akasema lazima kila mtu nyumbani apakwe dawa siku moja, hata asiyewashwa. Akataka nikachanganyishiwe marhamu ya salfa. Nikaitikia. Nilikuwa natazama mkono wa Imani na kumfikiria yule mwanamke akimshika asubuhi na jioni.

Jumatatu, 16 Februari

Saa ya chakula nimetembea hadi Ngara, kwa Mzee Jayanti. Bado anachanganya dawa mwenyewe. Ana kibao cha marumaru nyuma ya kaunta. Akamwaga unga wa manjano, akaweka tone la mafuta, akausaga na kisu kipana butu mpaka chembe zikaisha. Kisha vaselini, kidogo kidogo, akikunja na kupanguza, akikunja na kupanguza. Haharakishi. Harufu ya kiberiti ikajaa duka.

Akaniuliza, "Nyumbani mko wangapi?"

Nyuma yangu alikuwa amesimama mtu wa uhasibu wa ofisini kwetu, ameshika dawa ya kikohozi. Nikasema wawili. Mtoto na mfanyakazi.

Mzee akanitazama juu ya miwani. Akapima ya wawili, siku tatu mfululizo, shingo hadi nyayo. Akarudia kwamba kila mtu apakwe. Nikasema ndiyo, ndiyo, nikatia mkebe kwenye mkoba kama mwizi.

Jumatano, 18 Februari

Siku ya pili ya kupaka. Dawa inanuka mayai viza. Inashika kama samli iliyoganda, inaingia kwenye kucha, shuka limekuwa la manjano. Imani analia kwamba shuleni watamcheka. Nampaka huku nimeziba pumzi, Mungu anisamehe, mtoto wangu mwenyewe.

Agneta nimempa yake kwenye kikopo cha siagi ajipake chumbani kwake. Akakipokea kwa mikono miwili. Halafu akauliza polepole, "Na wewe, Mama Imani, mgongo utapakwa na nani?"

Nikamwambia mimi siumwi. Akafunika kikopo. Lakini juzi alinifunga zipu ya gauni na ninajua aliona kiuno changu. Aliona na akanyamaza. Kunyamaza kwake kumeniudhi kuliko kama angesema.

Kamau hajapaka pia. Eti yeye hawezi kwenda kazini akinuka kama njiti ya kiberiti.

Jumanne, 3 Machi

Umerudi. Wiki mbili tu za amani, na leo Imani ana vipele upya, sasa hata kwapani. Nimefua kila kitu kwa maji ya moto. Nimepiga pasi hadi soksi. Nimetupa wanasesere wake wawili wa manyoya, akalia mpaka akatapika.

Agneta naye anajikuna. Ameketi kwenye stuli jikoni anachambua sukuma wiki na kujikuna na kurudi kuchambua. Chakula changu. Nilimwaga sufuria yote.

Jumatano, 4 Machi

Nimemfukuza.

Hakulia. Alikunja nguo zake, akazitia kwenye begi lile lile nililokagua. Mlangoni akasema, "Mama Imani, huo upele niliukuta hapa." Nikamwambia toka. Imani alikuwa amemshika sketi, nikamng'oa kidole kimoja kimoja.

Halafu nikaandika kwenye grupu ya akina mama wa fleti. Nainakili hapa kama ilivyo: "Jihadharini jamani. Huyu Agneta ametoka kwangu leo. Ana upele na ameambukiza mtoto wangu. Msimchukue." Nikaweka na picha yake, ile aliyopiga na Imani siku ya bethdei. Nilimkata Imani atoke pichani.

Asante zikamiminika. Vidole gumba, mikono ya maombi. Mwingine akaandika Mungu akubariki kwa kutulinda. Nilihisi vizuri.

Jumatatu, 9 Machi

Jirani wa ghorofa ya tatu amenisimamisha kwenye ngazi. Agneta alikuja kuomba kazi kwenye jengo la pili, akarudishwa getini. Askari alikuwa na picha kwenye simu. Picha imefika hadi Lavington, anasema, kila mtu ameitumia kila mtu.

Nilifurahi. Hapa hasomi mtu, acha niandike ukweli. Nilifurahi.

Jumatatu, 16 Machi

Agneta ameondoka siku kumi na mbili. Nyumba ni safi kama chumba cha upasuaji. Na sote tunajikuna.

Kamau amejichubua mapaja. Imani halali. Mimi leo kwenye mkutano niliingiza rula ndani ya mkono wa koti nikajikuna nayo chini ya meza, na meneja akaniuliza kama niko sawa. Nikasema ni baridi. Baridi, mwezi wa tatu!

Tumbo langu sitaki kuliangalia. Mistari, vidonda, damu kwenye blauzi. Nimekaa bafuni na taa imezimwa ili nisijione.

Jumanne, 17 Machi

Nimerudi kwa Mzee Jayanti. Nilitaka kumlaumu. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani, kwamba marhamu yake ni hafifu, kwamba umri umempita. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza tena, nyumbani mko wangapi.

Safari hii nikasema ukweli. Watatu sasa, wanne wakati ule.

Akavua miwani. "Mama, dawa haikuwa mbaya. Mimi napima kulingana na watu ninaoambiwa. Wawili uliowaficha ndio waliowarudishia wenzao."

Hakuinua sauti. Afadhali angeinua.

Akauliza nani alianza kuwashwa. Nikasema mfanyakazi. Akasema mtu ambaye hajawahi kuugua upele anaweza kukaa hata mwezi tangu aupate kabla hajaanza kuwashwa, kwa hiyo nifikirie vizuri nani alitangulia, na alikuwa amelala wapi wiki chache kabla. Nikasema nitafikiria. Akakunja na kupanguza, akakunja na kupanguza.

Nimefika nyumbani, nimerudisha kurasa za daftari hili nyuma. Tarehe 11 Januari. Mwandiko wangu, kalamu yangu. Mikono inawasha, katikati ya vidole, na tumboni.

Agneta aliingia tarehe 12.

Nimesoma mara nne. Kisha nikaenda kunawa mikono. Si kwa sababu ya wadudu.

Jumamosi, 21 Machi

Nilipata alipo kupitia kwa mfua nguo wa jengo letu. Anaishi kwa dada yake, fleti za Ngara, chumba kimoja, yeye na dada na watoto watatu wa dada. Nilimkuta kwenye veranda anafua. Aliponiona aliendelea kufua.

Nilikuwa nimebeba mkebe mkubwa. Nilimwambia Mzee Jayanti watu watano, akapima ya watano bila kuuliza.

Mtoto mdogo wa dada yake alikuja akasimama karibu nami akijikuna shingo. Nikahisi kile kinyaa changu, nikarudi hatua moja nyuma. Agneta aliona. Nikajichukia pale pale, lakini mguu ulikuwa umeshasogea.

Nikamwambia yote. Tarehe, sabuni, tumbo. Nikamwambia pole. Akakamua shati, akalikung'uta, akalianika. Dawa akaipokea, kwa sababu ya watoto, alisema. Pole hakuipokea. Amekosa kazi nyumba nne. Moja walikuwa wamemwambia aje na nguo kabisa, akafika getini akaonyeshwa picha yake mwenyewe. Mkubwa wake yuko kidato cha pili, amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Nikamwomba arudi kwangu. Akacheka kidogo, kwa pua.

"Andika kwa ile grupu," akasema. "Uweke jina lako vile uliweka langu. Na picha."

Nikasema nitaandika. Akainama kwenye beseni.

Jumapili, 22 Machi

Kamau hataki. Anasema nimpe Agneta barua nzuri ya kazi, yaishe, kwani lazima mtaa mzima ujue tuna upele? Anasema nifikirie Imani. Hakumfikiria Imani alipokataa kupaka.

Tulitoka kanisani, nikaketi ndani ya gari, sikushuka. Nimeandika na kufuta, nimeandika na kufuta. Kila nilipofuta maneno yalitoka laini zaidi, "ilitokea hali ya kutoelewana," upuuzi kama huo. Mwishoni nikaandika hivi: "Upele ulianzia kwangu, mimi Mama Imani. Nilikuwa nao kabla Agneta hajaja. Nilikataa kupaka dawa kwa kiburi. Yeye nilimwambukiza mimi, kisha nikamsingizia hapa. Futeni picha yake. Ni mfanyakazi safi na mwaminifu." Nikaweka picha yangu, ile ya kitambulisho cha kazi.

Watu sitini na mmoja. Majina ya waliosoma yakaongezeka moja baada ya jingine. Hakuna kidole gumba hata kimoja. Wawili wakatoka kwenye grupu.

Kufikia saa kumi, jumbe tano za faragha. Hakuna hata mmoja aliyemtaja Agneta. Wote wanataka kujua duka la Ngara liko upande gani.

Jumanne, 24 Machi

Siku ya kwanza ya kupaka, sote watatu; Kamau amekubali leo tu. Nilimpaka Imani, sikuziba pumzi. Nilimpaka Kamau. Zamu yangu ilipofika akaenda jikoni, akarudi amevaa mfuko wa mkate mkononi. Akanipaka mgongo kwa ule mfuko. Nailoni inakwaruza. Nilijua sasa Agneta alikuwa anauliza nini.

Kamau amempigia dada yake wa Lavington. Wifi yangu akasema aa, hata wao, mwezi wa kumi na mbili, nyumba nzima walipakwa kabla ya mwaka mpya. Hawakusema kwa sababu wageni walikuwa wengi na ingeleta picha mbaya. Mashuka meupe pee.

Nina hasira mpaka meno yanauma. Halafu nakumbuka mimi ni nani wa kukasirika.

Jumamosi, 18 Aprili

Ngozi imetulia. Imani analala. Mikono yangu bado inajikuna yenyewe nikiwa na mawazo, lakini hakuna kitu.

Agneta amepata kazi jengo la pili, ghorofa ya kwanza. Leo nilipoenda kuanika nilimkuta kwenye kamba za nguo za pamoja nyuma ya majengo. Imani akamkimbilia, Agneta akambeba, akamzungusha. Walicheka.

Nikasogea, nikamsalimia, nikanyoosha mkono. Akautazama. Wake ulikuwa mkavu, haukuwa na kazi yoyote. Akausukumia ndani ya mfuko wa aproni.

"Salama, Mama Imani," akasema, kwa heshima.

Nikarudisha mkono wangu. Kulikuwa na jua zuri. Nikaendelea kuanika mashuka.