Password Niliyoiweka Nisiisahau

Mama Kageha, salamu kutoka Munyaka hapa Eldoret. Sijawahi kuandikia gazeti lakini hili limenishinda, naomba unisaidie.

Mimi ni mjane mwenye duka, na jirani yangu ni Mama Priscah, ambaye Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, alikuja dukani saa tisa mchana, akanishika mkono bila kueleza chochote, akanificha nyumbani kwake pamoja na binti yangu Shiko, na ilipofika saa kumi na moja vijana wakaja kuchoma duka langu, nami nikachungulia dirishani nikamwona aliyewasha kiberiti, naye alikuwa Kipyego, ndugu ya Priscah wa tumbo moja, na sikumwambia Priscah siku hiyo wala siku nyingine, maana unamwambiaje mtu aliyekuficha, tumeishi hivyo miaka kumi na tatu tukinywa chai pamoja, na Kipyego siku hizi ni mzee wa kanisa kule Ainabkoi na kila Disemba huniletea gunia la viazi, nami nasema asante.

Mwaka huu Shiko aliniwekea Wi-Fi. Fundi akaniambia, "Mama, password weka kitu wewe peke yako unajua, na hutawahi kusahau." Nikakaa nikafikiria, nikaandika KipyegoAlichoma2008. Ikatokea alama ya kijani, fundi akasema, "Hiyo ni strong kabisa, Mama."

Tangu hapo mgeni akitaka kuunganishwa huwa nachukua simu yake, nampa mgongo, naandika mwenyewe. Majuzi Priscah akaniomba niunganishe simu ya bintiye Brenda, anayesoma chuo kwa mtandao, nikakataa mara mbili nikidai Wi-Fi imeharibika, na taa za kisanduku chake zinawaka anaziona, mpaka nikaona aibu, nikachukua simu nikaandika, vidoti vyeusi vikafunika kila herufi. Hiyo ilikuwa Jumanne. Tangu Alhamisi Priscah hajaniletea maziwa, hajaja chai, na Jumapili kanisani alikaa kiti cha nyuma kabisa.

Je, vile vidoti vinaweza kufunguka? Na kama vinafunguka nifanyeje, kwa sababu sina rafiki mwingine kama huyu?

Nyakio


Nyakio,

Vinafunguka. Simu nyingi zikishaunganishwa, mwenye simu akiingia kwenye settings anaisoma password herufi kwa herufi. Huo mgongo uliokuwa ukiwapa watu haukuficha kitu. Brenda ameisoma, na bila shaka amemsomea mamake. Pole sana, lakini umejiletea mwenyewe.

Na kabla sijasahau, majina yote hapa tumeyabadilisha, hata lile la kwenye password, maana wewe, mtu wa kutunza siri, uliniletea gazetini lilivyo.

Sasa nikuulize. Priscah alikuja saa tisa, moto ukaja saa kumi na moja. Nani alimwambia? Mama, umekaa miaka hii yote ukimkinga na habari ambayo naamini alikuwa nayo kabla duka halijawaka. Sidhani amekasirika. Nadhani anaona haya, kwa kuwa amegundua ulijua siku zote na bado ukampakulia chai. Mimi mwenyewe nimesoma barua yako nikalia, na silii ovyo.

Mpigie Shiko leo akuelekeze, ubadilishe password. Simu zote zitatoka kwenye Wi-Fi na kuomba ile mpya, usishtuke. Badilisha pia ile ya kuingilia kwenye kile kisanduku chenyewe cha Wi-Fi, ambayo nina hakika hujawahi kuigusa, na umwambie akufungulie mtandao wa pembeni wa wageni. Password mpya iwe maneno manne yasiyohusiana. Isiwe jina la mtu, wala mwaka, wala kitu chochote kinachokuuma.

Halafu nenda kwa Priscah mchana, ukaseme ulimwona Kipyego. Usiombe msamaha kwa kuwa na macho. Usimlazimishe amtetee nduguye wala amkane. Huyo mzee wa kanisa ana lake la kukiri, na viazi vyake una ruhusa ya kuvikataa. Priscah akinyamaza, nyamaza naye, lakini usiondoke.

Mkimaliza, Brenda bado ana masomo. Andika password mpya kwenye karatasi, umpe Priscah mkononi, na umwache aisome kwa sauti.

Mama Kageha